Jibini la Wakata Nyasi

Ctibor alipopiga simu, Otília alikuwa amechutama katika banda la mbuzi la mama yake, kibano mkononi, akimpekua mbuzi mmoja nyuma ya masikio. Wawili hao walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi katika maabara ya utafiti mjini Košice, na Ctibor hakuwahi kumpigia bila kuanza na utani. Siku hiyo hakutania.

"Oti, wale kupe wa malisho ya juu. Wa huko kwenu Brezinka."

"Wamefanyaje?"

"Wana virusi vya homa ya ubongo. Nimerudia kipimo, jibu ni lile lile. Sijapata kuona kilima kidogo namna hiyo kina kupe wengi wagonjwa hivi."

Otília alisimama taratibu. Kupitia mlango wa banda aliiona meza ndefu ambayo haijaondolewa uani tangu jana yake, majirani walipokuja na miundu yao mirefu kumsaidia mama kukata nyasi za mteremkoni kabla mvua haijashuka. Walikula mezani hapo: mkate, vitunguu, na jibini bichi la mbuzi lililokamuliwa maji asubuhi ile ile. Sahani kubwa ya udongo ilirudi jikoni nyeupe, kama imelambwa na paka.

"Oti? Upo?"

"Mama aliwahamishia mbuzi malisho ya juu," alisema. "Wiki iliyopita. Huku chini nyasi zimekauka."

Ctibor alisema haraka: "Chukua maziwa ya kila mbuzi. Yalete leo leo."

Kazi ya Otília ilikuwa ni hiyo ya kupe. Kila masika alifunga soksi juu ya suruali, akaburuta kitambaa cheupe cha flaneli juu ya majani na vichaka, na kupe, wakidhani ni mnyama anapita, wakakidandia. Wengine walikuwa wadogo kama mbegu za mpopi zile zinazonyunyizwa kwenye keki. Aliwaokota kwa kibano, akawatia katika vichupa, wakapelekwa kwenye barafu kungoja zamu yao ya kupimwa. Kwa hiyo ugonjwa huu aliujua kama mtu anavyomjua jirani mwovu. Alijua kwamba si lazima uumwe na kupe. Unaweza ukanywa tu maziwa mabichi ya mbuzi aliyeumwa, na mbuzi mwenyewe asionyeshe dalili hata moja. Alijua pia hila yake kubwa. Kwanza inakuja homa kama mafua, inakulaza siku chache, inaondoka. Unapona. Unamshukuru Mungu, unarudi kazini. Halafu kwa baadhi ya watu inarudi, na safari hii haiji mwilini, inaingia kichwani. Chanjo ipo, na yeye mwenyewe alichanjwa kwa sababu ya kazi. Dawa hakuna.

Alimkuta mama yake jikoni anakanda unga. Hermína alikuwa mjane mwenye mikono mipana, na hakuna siku ya maisha yake aliyokosa mbuzi wa kukamua.

"Mama, maziwa ya leo usimpe mtu. Wala jibini. Na wewe usile."

"Kwani yameingia sumu?"

"Huenda yana ugonjwa. Wa kupe."

Hermína aliangua kicheko. "Haya tena! Kupe sasa wamehamia kwenye ndoo yangu! Mwanangu, bibi yako alinikuza kwa maziwa ya mbuzi, mabichi, ya moto toka chuchuni. Nitazame. Nimekufa?"

"Wewe pengine uliugua zamani ukapona bila kujua. Mwili wako una kinga. Lakini wengine..."

"Wengine wamekula jibini hilo miaka yote. Umesoma, Mungu akuzidishie. Ila hapa jikoni usiniletee darasa."

"Mama, Blažena alikuwepo mezani."

Mikono ya Hermína ikasimama ndani ya unga.

Blažena alikuwa mdogo wake Otília, na mimba yake ilikuwa kubwa. Alikuwa ameisubiri miaka, akaipoteza, akaipata, akaipoteza tena, mpaka nyumbani watu wakaacha kuulizana. Sasa mtoto alikuwa anapiga teke, na yeye na mumewe Vendelín walikuwa wamekwisha kupaka rangi chumba kidogo katika nyumba yao nyuma ya kanisa. Hakuna aliyemwomba Mungu zaidi ya Hermína, na hakuna aliyemwekea Blažena kipande kikubwa cha jibini sahanini zaidi yake yeye.

"Sasa tufanyeje?" Hermína aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tungoje," alisema Otília, naye alilichukia neno hilo hata kabla halijamtoka.

Maziwa yalipimwa. Mbuzi mmoja, yule jike mzee anayetangulia kundi, ndiye aliyekuwa na virusi, na maziwa yake yalikuwa yamechanganywa na ya wenzake katika ndoo moja. Otília aliomba likizo, akahamia katika chumba chake cha usichana. Asubuhi aliwazungukia wote waliokula siku ile, nyumba kwa nyumba.

Jirani yao Gejza, fundi mzee wa mapaa, alimwona akija akapiga kelele toka kibarazani: "Huyo! Daktari wa kupe! Ficheni mbwa!"

"Baba Gejza, ulikula jibini?"

"Nilikula nikaongezwa. Nikifa mniandikie kaburini: huyu alikufa ameshiba."

"Umepata homa? Kichwa kuuma?"

"Kichwa kinaniuma kila Jumapili asubuhi, na si kwa sababu ya mbuzi."

Walicheka, naye akacheka kidogo ili wasimfungie milango. Lakini katika nyumba mbili aliambiwa kuwa ndiyo, kulikuwa na homa, mafua ya kiangazi tu, na mgonjwa amepona kabisa. Ilikuwa ni hiyo "kabisa" iliyomkosesha usingizi. Aliwasihi wapumzike, wasiende shambani, wamwite kichwa kikianza kuuma. Walimwitikia kwa adabu, na alipofika njia panda aliwaona wamekwisha kushika reki zao.

Kwa Blažena alikwenda asubuhi, mchana na jioni. Alimpima joto, akamtazama macho, akamwambia ainamishe kidevu mpaka kifuani, maana ugonjwa ukiingia kichwani shingo hukakamaa. Alichukua damu yake akaipeleka mjini. Usiku alilala na simu chini ya mto, na kila mbwa alipobweka aliamka akidhani ni Vendelín amekuja kugonga dirisha.

Vendelín alikuwa mtu wa mzaha, mrefu, mabega kama mlango. Alifanya kazi na Gejza, na kiangazi hicho walikuwa wanabadilisha vigae vya paa la kanisa. Kumtania shemeji yake ilikuwa ni haki yake ya ndoa.

"Shemeji, ukimpima joto mara nyingine mke wangu ataiva," alisema siku moja wakiwa mezani.

"Na wewe je? Hujasikia homa?"

"Homa yangu mimi ni wewe, shemeji. Kila ukiingia natetemeka."

Hermína alicheka mpaka akafuta macho, maana hakuwa amecheka tangu siku ile ya unga. Otília naye akacheka. Blažena hakucheka. Aliinamia supu yake ya kabichi akawa anaikoroga tu. Otília aliliona hilo, akajiambia: ni uchovu, miguu imemvimba, maskini.

Jibu la damu ya Blažena lilikuja. Hakukuwa na kitu. Ctibor alifurahi kwenye simu kama mtoto ni wake, lakini Otília alimkatiza. "Labda ni mapema mno. Nitachukua tena."

Akaenda na sindano yake. Blažena alikuwa kitandani anakunja nguo za mtoto. Alipomwona dada yake anafungua mkoba, alizitupa zile nguo chini.

"Dada, basi! Basi! Umenitoboa kama mto wa sindano. Sina kitu!"

"Najua inakuchosha. Mara hii moja, kwa ajili ya mtoto..."

"Sikula!"

Otília alibaki na pamba mkononi.

"Sikula hilo jibini," Blažena alisema, na machozi yakaanza. "Tangu mimba hii, harufu ya mbuzi inanitapisha. Ningemwambiaje mama? Kila mara ananiwekea kipande, anasimama hapo ananitazama, anasema mle wote wawili. Nilimpa mume wangu, Vendo, chini ya meza. Alikula lake akala na langu."

"Na Vendo..." Otília alijikuta anakaa kitandani. "Vendo hakupata homa?"

Blažena alijifuta pua kwa kiganja. "Alipata. Ulikuwa umekwenda mjini na damu yangu. Alitetemeka usiku kucha. Akasema ni jua la kule juu ya paa. Akanikataza nisikwambie, eti utamfungia ndani na paa halijaisha, na padri anataka liishe kabla mtoto hajabatizwa. Lakini amepona, dada. Amepona kabisa, anakula, anaimba..."

"Asubuhi hii je? Ameamkaje?"

"Ameamka na kichwa. Amekunywa kahawa, amekwenda."

Otília hakumbuki, mpaka leo, alivyotoka chumbani mle. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya bustani tu, na alifika chini ya ukuta akikimbia. Gejza alikuwa chini anapanga vigae. Vendelín alikuwa juu kabisa, ameukalia mgongo wa paa kama mtu aliyepanda farasi, karibu na mnara, jua nyuma yake.

"Gejza!" aliita kutoka juu. "Nirushie ile... nirushie kile..."

"Kipi?"

"Kile! Cha kugongea! Kile cha..." Mkono wake wa kulia ulikuwa unagonga hewa.

"Nyundo?" Gejza alicheka. "Unayo mkononi, mpumbavu wewe."

Vendelín aliitazama nyundo kama mtu aliyepewa kitu asichokijua. Kisha vidole vyake vikafunguka, nayo ikateleza juu ya vigae, ikaruka ukingoni, ikaanguka kwenye majani hatua chache na Otília. Gejza aliacha kucheka.

Otília alitaka kupiga kelele, akajizuia. Mtu akishtushwa juu kule anaweza kuanguka. Alimsogelea Gejza akamwambia kwa kunong'ona: "Panda. Pole pole. Kaa nyuma yake umshike mkanda. Ni ule ugonjwa."

Uso wa mzee ule ulibadilika. Alivua kofia, akaanza kupanda ngazi.

"Shemeji!" Otília aliita, na akaishangaa sauti yake ilivyotoka ya kawaida. "Kaa hapo hapo, usiinuke! Nina neno na wewe."

"Umekuja kunipima joto?" Maneno yalikuwa yake lakini ulimi ulikuwa mzito, kama wa mlevi. "Huku juu... huku juu ni moto kweli."

"Niambie, mtoto mtamwita nani?"

"Siri."

"Niambie mimi tu."

"Akiwa msichana..." Alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Alikuwa ameuachia mgongo wa paa kabisa. Alijishikilia juu ya vigae kwa magoti tu. "Akiwa msichana... Shemeji, ninaona wawili wawili."

"Fumba macho. Usitazame chini. Gejza anakuja na maji ya kunywa. Akiwa msichana, nani?"

Gejza alikuwa anatambaa juu ya mbao za jukwaa, umri wake wote ukisikika katika pumzi yake. Alifika. Akamkumbatia Vendelín kwa nyuma, akafunga kamba ya kazi kiunoni mwake, na kutoka hapo waliteremka kama baba na mtoto wake mdogo, mguu mmoja, kisha mwingine, Gejza akimwambia kila mara aweke wapi. Otília alishika ngazi kwa nguvu mpaka vidole vikamfa ganzi. Vendelín alipokanyaga majani alitapika, kisha akaomba msamaha.

"Inamisha kidevu kifuani," alimwambia.

Alijaribu. Shingo ilikataa.

Garini Vendelín aliuliza wanakwenda wapi. Alijibiwa hospitali. Akatulia, akatazama misonobari inavyopita, akauliza tena. Walipoliona jengo lenyewe aliuliza tena, na safari hii alikuwa anauliza kwa woga, kwa Kihungaria cha bibi yake aliyekwisha kufa, lugha ambayo Otília hakuwahi kumsikia akiitamka.

Madaktari walifanya walichoweza, nacho kilikuwa ni kushusha homa, kupunguza maumivu, kumwekea maji, kulinda pumzi. Baada ya hapo walikuwa wanangoja kama watu wengine. Alilala chumba chenye mapazia mazito, kwa kuwa mwanga ulimchoma. Siku nyingine alimtambua Blažena, siku nyingine alimwita mama. Na siku mbaya kuliko zote, pumzi ya Vendelín ilipoanza kukatika, Blažena alishikwa na uchungu kwenye benchi la koridoni. Akapandishwa ghorofa ya juu. Otília alikaa usiku ule kwenye ngazi baina ya ghorofa hizo mbili, asijue aende wapi, akisikiliza milango ya juu na milango ya chini.

Mtoto alizaliwa alfajiri, msichana, mzima, sauti kali. Chini, mgonjwa alikuwa bado anapumua.

Hermína hakuja. Alimwona mjukuu kwenye picha ya simu tu. Otília aliporudi Brezinka kuchukua nguo, alimkuta jikoni mbele ya jiko, maziwa yanachemka, yanafoka, yanaungua, naye amesimama anayatazama. Uani nyuma ya banda ardhi ilikuwa nyeupe alikokuwa akiyamwaga.

"Yakishachemka hayana ubaya tena, mama. Si lazima umwage."

"Nani atakunywa kitu kutoka mkononi mwangu?" Hermína hakugeuka. "Nimemlisha mtoto wa watu ugonjwa. Nilisimama pale nikimhesabia Blažena matonge, wala sikujua yanakwenda wapi. Na wewe uliniambia, nikakucheka."

"Nilikuambia walipokuwa wamekwisha kula. Hata kama usingecheka, jibini lilikuwa tumboni mwao."

Mama aliuzima moto. Kisha akauliza swali ambalo Otília alikuwa amejiuliza kila usiku: "Kupe wale uliwaokota lini?"

"Mwezi wa tano."

"Na walikaa wapi muda wote huo?"

"Kwenye barafu. Wanangoja zamu."

Walitazamana. Hermína alivuta kiti, akamkalisha binti yake, akamkatia mkate, akaupaka mafuta ya nguruwe na kitunguu juu, kama alivyomfanyia alipokuwa anarudi shule. "Kula," alisema. "Hujala tangu jana, nakuona." Hawakulirudia tena swali lile.

Homa ya Vendelín ilishuka siku ya mvua. Alifungua macho akaomba pazia lifunguliwe kidogo. Alipoletewa mtoto alimtazama kwa muda mrefu, akasema, "Jolana," nalo ndilo lilikuwa jina alilolitafuta juu ya paa. Alitaka kumpokea, na hapo ndipo wote walipoona kwamba mkono wa kulia haukuinuka. Vidole vilicheza, kiwiko kilikunja, lakini bega lilikuwa limekufa. Daktari alisema huenda utarudi, huenda nusu, huenda usirudi. Vendelín alisikiliza mpaka mwisho, akageuza uso ukutani, na siku hiyo hakutania mtu.

Alirudi nyumbani majani yameanza kuanguka. Paa lilimaliziwa na Gejza na fundi mwingine wa kijiji cha jirani, na Gejza alitangulia kijiji kizima kwenda kuchanjwa, akavua shati katikati ya ukumbi wa shule akawaambia waliobaki nyuma, "Njooni, waoga, ni sindano, si ng'ombe!" Wale wengine wawili waliopata homa hawakupata ya pili. Yule mbuzi mzee alibaki zizini, kwa kuwa maziwa yake yalikuwa yamekwisha kusafika zamani, na malisho ya juu yalifungwa uzio.

Hermína alikuwa bado hajakanyaga nyumba ya nyuma ya kanisa. Alituma supu kwa mkono wa Otília, alituma keki, alituma soksi za sufu. Mwishowe Vendelín alichoka.

"Shemeji, mwambie mama mkwe hivi. Kuna mtoto hapa analia, mama yake amelala, na mimi nina mkono mmoja. Akitaka kulia na yeye aje alie akiwa amembeba mtoto."

Alikuja jioni ile ile, kilemba kipya kichwani, akasimama mlangoni kama mgeni. Vendelín alimwekea mtoto begani kabla hajapata kusema neno, na Hermína akaanza kumwimbia, machozi yanamshuka mpaka kidevuni.

Tangu hapo Jumapili walikula pamoja. Mara moja, majira ya baridi, theluji imefika madirishani, Vendelín aliweka kijiko chini akabonyeza kipaji cha uso kwa mkono wa kushoto.

"Kichwa kinaniuma," alisema.

Hakuna aliyetafuna. Blažena alishika ukingo wa meza. Hermína alitazama sahani ya mkwewe, kisha sufuria. Otília alikuwa amekwisha kuinuka, kiti kimeanguka nyuma yake.

Vendelín aliwatazama mmoja mmoja. "Jolana hakulala jana usiku," alisema. "Wala mimi. Ni hilo tu. Kaeni, jamani."

"Inamisha kidevu kifuani," alisema Otília.

Aliinamisha, mpaka chini kabisa, akainua tena. Otília alikiokota kiti chake akakaa. Ilichukua muda kabla ya mtu yeyote kurudia chakula chake.